Kaunta Buku

Saa kumi na moja na nusu, Pasua bado giza,
nagonga geti la bati kwa kucha, si kwa ngumi,
maana ndani wapo walioletwa kabla ya wangu:
wa mlinzi wa benki, wa nesi wa zamu,
na Shamimu, ambaye mama yake huwahi ndizi Mbuyuni
malori yakiwa hayajashusha mikungu.
Mlango hufunguka nusu. Mikono miwili hutoka.
Hatuamkiani kwanza. Kwanza Ombeni,
kanga yake, chupa yake, na leo kikohozi.
"Kimeanza lini?"
"Usiku."
"Haya nenda, utachelewa."

Nami huenda kiwandani kuchambua buni.
Punje nzima huku, mbovu kule:
iliyotobolewa na mdudu, iliyovunjika, nyeusi.
Saa nne kamili maziwa hunijaa, yakalowesha gauni,
na msimamizi hutazama pembeni,
kwa heshima au kwa kuchoka, sijui.

Chumba chake kinaenea mkeka mmoja na nusu.
Vikombe kumi na kimoja misumarini,
kila kimoja na uzi wake. Wa Ombeni mwekundu.
Wa Nanyori bluu, kwa kuwa alilia mpaka akapewa bluu.
Chupa ya plastiki, ndani maharage kumi na saba;
huyahesabu kila jioni,
lisije likawa limekwenda tumboni mwa mtu.
Kwa vifuniko vya soda, mwanangu alijua hapa
kwamba tatu inaishinda mbili,
na kwamba Kandida hung'ata.

Mtaani wanasema, "Yule anayekaa na watoto."
Kukaa!
Mwaka mzima sijamkuta amekaa.

Siku ile afisa alikuja na futi kamba na fomu.
Akapima dirisha, akapima choo,
akauliza kama kuna cheti.
Kipo ukutani, cha mafunzo ya wiki mbili,
kona moja imetafunwa, na aliyetafuna namjua,
nimemzaa mimi.
Akauliza kumbukumbu.
Mama Ndetaulwa akafuta mikono yenye unga wa ulezi,
akashusha kaunta buku kutoka juu ya kabati.
Nilikuwepo, nimekuja kupunguza deni.
Afisa akafunua, mate kidoleni,
nami nikasoma nyuma ya bega lake:

*Jtatu. Shamimu uji vikombe viwili. Nanyori hakulala, kamkumbuka bibi yake.*
*Mama Ombeni kabakiza 3,000. Asidaiwe, kiwanda hakijalipa.*
*Jnne. Mvua. Kandida kasema "mlima". Kauona kwenye upenyo wa geti.*
*Alh. Ombeni katembea. Hatua nne, kutoka kwenye ndoo hadi kwangu.*
*Mama yake asiambiwe.*

Nikairudia Jumapili ile.
Aliachia mguu wa kitanda, akaja.
Nilipiga kelele, jirani akatokea na mwiko mkononi
akidhani nyoka.
Na Jumatatu, gizani, kabla hata ya kumkabidhi:
"Katembea! Jana! Mbele yangu!"
Mikono ile miwili ikashika mashavu.
"Weee! Hatua ngapi?"
"Tano."
"Tano!" akasema,
kama mtu ambaye hajawahi kusikia habari za nne.

Kumbe naye huchambua.
La kumwambia mama huku, la kumeza mwenyewe kule,
na vidole vyake vina kasi kuliko vyangu.

Afisa akafunua ukurasa mwingine.
Kwenye fomu, mbele ya neno Kumbukumbu,
akaandika: *Zipo.*

Nikatoa elfu moja na mia tano, noti imelowa jasho.
Akaiandika, tarehe na yote.
Nilitaka kusema kitu. Akanitangulia:
"Kikohozi kimepungua, ila usimwogeshe leo."
Akamshusha Ombeni kizingitini,
akamwachia kidole kimoja, kisha hicho nacho akakitoa.